Gari Linalochoka kwa Kusimama

Kambini, tarehe 9 Februari
Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii imewakuta wazima, wewe na Baba. Mimi mzima, ila nimechoka kama gunia lililopita mabegani mwa watu wengi. Tumemaliza daraja la pili, sasa tunabeba mawe ya la tatu. Msimamizi anasema hili likiisha tutapumzika, na la kwanza lilipoisha alisema maneno hayo hayo.

Usinipigie simu. Ilinichomoka mfuko wa shati nilipoinama, ikaingia kwenye mashine ya kuchanganya zege, na sasa imo ndani ya nguzo ya daraja. Wenzangu wananiambia nikiwakumbuka watu wa nyumbani nikaweke sikio kwenye nguzo. Nyingine nitanunua mambo yakinyooka. Kwa sasa tuandikiane, dereva wa lori la saruji amekubali kuwa posta yetu.

Barua yako nimeipata. Unasema gari linatetemeka likitaka kuondoka, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, na fundi wenu anataka kushusha giaboksi nzima. Bei aliyokutajia nimeisoma, nikaisoma tena, nikampa jirani yangu wa kitanda cha juu naye aisome, maana shule niliachia njiani na nilidhani labda sifuri nazihesabu vibaya. Naye akasoma vile vile. Dada, hiyo ndiyo nauli yangu ya kurudi Desemba, pamoja na kile kidogo cha kuanzia maisha. Yote. Hakuna nyingine.

Sisemi sitaitoa. Gari ndilo linalowalisha. Lakini kabla sijaitoa nataka kujua nanunua nini. Yule mpimaji ardhi aliyeniuzia alinionyesha pale chini miguuni: pedali mbili tu, mafuta na breki. Akaniambia furahi, hili ni otomatiki, halina klachi. Sasa fundi wako anasema klachi zimeungua, tena zote mbili. Kitu ambacho hakipo kinaunguaje? Muulize. Mwambie anayeuliza si mbishi, ni mtu anayetaka kuelewa.

Na kuhusu Baba umeniandikia mstari mmoja tu, eti siku hizi anaamka mapema. Baba huyu huyu? Tangu Mama atutoke na lori lake likauzwa, alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka jua limfikie miguuni. Anaamkia nini?

Mdogo wako

*

Nyumbani, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Bati la jikoni limezibwa, mpangaji wa chumba cha uani amehama akaacha paka, na paka amekataa kuhama. Abiria wapo. Asubuhi nawapeleka wauguzi hospitali, mchana wenye mizigo ya sokoni. Wananiita Dada Usukani, nimezoea.

Nimemuuliza fundi maswali yako. Mwanzoni alininunia, akafikiri nimekuja kupunguza bei. Alipoona nataka kujua kweli, akaacha kazi, akachukua bakuli lake la chakula na kifuniko cha sufuria, akaviweka kimoja ndani ya kingine. Hivyo ndivyo klachi mbili zinavyokaa, anasema. Moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa unakwenda na gia ya pili, ya tatu imeshapangwa kando, inangoja. Saa ya kubadilisha ikifika, klachi hii inaachia na ile inashika papo hapo, ndiyo maana gari hili huwa halina yale mashtuko ya lori la Baba. Pedali haipo kwa sababu kompyuta ndiyo inayokanyaga. Mpimaji wako hakukudanganya sana. Aliona pedali hakuna, akadhani na klachi hakuna.

Nikamuuliza mbona ghali hivyo. Akasema kwanza kuishusha na kuipandisha ni kazi ya siku mbili za watu wawili. Halafu klachi zenyewe, ambazo huuzwa pamoja, huwezi kununua moja. Halafu mafuta yake, si yale ya kila gari, na chujio lake. Halafu anamlipa mtu mwenye kompyuta aje aifundishe. Nikasema, aifundishe? Akasema klachi mpya haijui ianzie wapi kushika, lazima ifundishwe. Nilicheka, akacheka na yeye. Kwa hiyo bei ile ina karo ya shule ndani yake.

Mgongo wako unaendeleaje? Na Desemba unakuja, au nisimwambie Baba kwanza?

Baba hajambo. Anakula vizuri.

Dada yako

*

Kambini, tarehe 28 Machi

Dada,

Shikamoo. Mvua imetunyeshea wiki nzima, nguo hazikauki, tunavaa mbichi. Chakula si kibaya.

Ile habari ya bakuli na kifuniko imeninyima raha. Nipo kazini nafikiria gia inayongoja kando. Hapa kambini kuna fundi wa mitambo, tunamwita Grisi, maana hata akioga haitoki. Nikampelekea barua yako akaisoma. Akasema fundi wenu anajua kazi na hawaibii, ila ameanzia mwisho. Mafuta ya giaboksi ya namna hiyo yana muda wake, yakipitiliza yanachoka na klachi zinaanza kuteleza. Mtu anayeuza gari kwa sababu anahama, kama yule mpimaji, Grisi anasema, hawezi kuwa alibadilisha mafuta wiki ile. Kwa hiyo badilisheni mafuta na chujio kwanza, huyo mwenye kompyuta aifundishe upya, halafu msikilizie. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya ile bei. Pesa yake nimeituma kwa njia yetu ya kawaida.

Lakini amesema muangalie mafuta yanayotoka. Myanuse. Yakinuka kuungua, kuna kitu kinayachoma.

Hujanijibu Baba anaamkia nini.

Mdogo wako

*

Nyumbani, tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na usinilaumu kwa kuchelewa. Nilitaka kwanza nione gari linasemaje.

Mafuta yalibadilishwa. Yalitoka meusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni, na yalinuka vibaya. Fundi alinipa nami nikanusa, nikarudi nyuma. Yakawekwa mapya na chujio jipya, kompyuta ikaifundisha giaboksi, gari likawa kama limetoka dukani. Wauguzi walinipongeza kana kwamba nimejifungua.

Limekaa hivyo wiki tatu. Juzi limeanza tena, kidogo, pale pale linapoondoka. Fundi akachungulia mafuta mapya. Yameshaanza kubadilika rangi. Amesema safari hii hakuna njia, ni klachi. Lakini na yeye anajiuliza. Anasema kwa abiria ninaowabeba na barabara ninazopita, mafuta hayakutakiwa kuungua upesi namna hii. Nimemwambia nitakuandikia wewe, maana wewe na Grisi wako ndio madaktari.

Umekwepa swali la mgongo. Umekwepa na la Desemba. Nimeona.

Paka amezaa. Baba amempa sanduku lake la spana alalie.

Dada yako

*

Kambini, tarehe 6 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, na wenzangu hawajambo isipokuwa mmoja ameumwa na nyuki.

Nimekaa na Grisi Jumapili nzima. Alikuwa amefungua giaboksi ya gari la msimamizi, ya aina ile ile, akanionyesha kwa macho yangu. Dada, ni kitu kizuri kuliko nilivyofikiri. Visahani vyembamba vya klachi vimepangwa kama chapati, vingine ndani ya vingine, vinaogelea kwenye mafuta. Nilitaka kuvishika, akanikataza kwa sababu ya mchanga mikononi mwangu.

Nikamweleza habari ya mafuta kuungua kwa wiki tatu. Akafuta mikono, akasema hivi: "Gari hilo halichoki kwa kwenda. Linachoka kwa kusimama."

Sikumwelewa. Akanieleza. Ukiwa njiani klachi imeshika, haisuguani na kitu, haina shida. Ukisimama kwenye tambarare ukakanyaga breki, inaachia, inapumzika. Lakini ukisimama mlimani, badala ya kukanyaga breki ukalizuia gari kwa kugusa pedali ya mafuta kidogo, lisirudi nyuma na lisiende mbele, hapo klachi inashika nusu na kuteleza nusu. Inasuguana muda wote uliosimama. Dakika chache za hivyo kila siku zinatosha kuipika. Kwa kuwa hakuna pedali, mguu wa dereva hauambiwi chochote. Anaona gari limetulia, kumbe ndani kunawaka.

Sasa niambie. Kuna mlima gani gari linasimama? Na likisimama, unakanyaga breki?

Jibu hili tu, mengine acha. Nauli ninayo bado. Nikiitoa klachi zikaungua tena, nitakuwa nimebaki huku bure.

Mdogo wako

*

Nyumbani, tarehe 30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Mlima ni mmoja, ule wa kutoka kwetu kwenda hospitali. Pale juu siku hizi wameweka taa za kuongozea magari na zinachelewa sana. Mimi nakanyaga breki. Naapa nakanyaga.

Lakini nitakuambia kitu, wewe ufikirie mwenyewe. Mwenye duka la rangi pale juu hufungua mapema. Wiki iliyopita alinitania. Alisema alfajiri analiona gari letu limesimama kwenye taa, limeinua pua, halisogei hata unywele, na taa nyekundu za nyuma haziwaki. Akauliza nimefunga kamba wapi.

Barua hii nimeiandika na kuichana, nikaiandika tena. Inaondoka leo kabla sijaichana mara ya pili.

Dada yako

*

Kambini, tarehe 19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi.

Ni Baba.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaketi chini. Taa za breki haziwaki na gari halisogei hata unywele. Mimi siwezi hivyo. Wewe huwezi. Unakumbuka alivyokuwa anatufundisha na lori lake, anaweka kiberiti nyuma ya tairi pale mlimani, anasema msimamishe bila breki, kiberiti kisipondwe? Breki ni ya kushukia, alikuwa akisema, ya kupandia ni mguu. Wewe ulivunja viberiti mpaka Mama akakosa cha kuwashia jiko. Mimi nilivunja kiberiti na ua wa jirani. Mtu mmoja tu duniani ninayemjua anaweza kulishika gari mlimani kwa mguu wa mafuta kama anayeshika yai.

Kwa hiyo ndicho anachoamkia.

Sina hasira. Nimetafuta hasira sikuipata, nimepata woga. Daktari wa macho alisema jicho la kulia limekwisha na la kushoto linalifuata. Leseni aliiweka mwenyewe kwenye kopo la sukari, nilikuwepo. Dada, akigonga mtu? Akikugonga wewe ukutani?

Na sidhani anajua anachofanya kwenye klachi. Yeye anaona pedali hakuna, kama mimi na mpimaji. Labda anafikiri hatimaye amepata gari lisiloungua klachi, ashike mlima apendavyo.

Sasa mimi niseme yangu, maana umeuliza mara nyingi. Mgongo uligoma mwezi wa tatu. Niliinama kuchukua jiwe sikuinuka, wakanibeba kwenye toroli. Tangu hapo sibebi. Wamenipa bendera, nasimama barabarani kuzuia magari mitambo ipite. Mshahara wa bendera ni mdogo, kwa hiyo nikitoa nauli sasa sitaipata nyingine upesi. Nacheka peke yangu kule barabarani, maana na mimi siku hizi nachoka kwa kusimama.

Nimeituma. Yote. Badilisheni klachi. Desemba siji.

Ila naomba kitu kimoja. Usimfiche ufunguo kama mtoto. Fundi akifungua giaboksi, mpeleke Baba akaone. Yeye si mtu wa kukatazwa, ni mtu wa kuonyeshwa. Mwambie mwanao ameuliza: hii klachi ya pili inafanya nini wakati ya kwanza inafanya kazi?

Mdogo wako

*

Nyumbani, tarehe 27 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo wako umeniliza, na toroli limenichekesha, vyote kwa pamoja. Kwa nini hukusema? Usijibu. Najua ulivyoficha, maana mimi nilificha vile vile.

Ndiyo, ni Baba. Asubuhi moja nilitoka kuwasha gari nikamkuta ameshakaa kwenye usukani, amevaa koti lake la safari. Akaniambia ingia. Tukapanda mpaka juu, tukageuza, tukarudi. Barabara ilikuwa tupu. Alipofika nyumbani aliomba chai, akaanza kunisimulia lori lilivyomzimikia porini kabla hatujazaliwa. Yule ambaye alikuwa hasemi! Ningeanzia wapi kumnyang'anya? Kwa hiyo ikawa kila siku, kabla watu hawajatoka. Mimi nakaa pembeni. Taa ikiwa kijani namwambia, maana yeye rangi hazioni vizuri. Ndiyo, nimeandika hivyo, soma tena. Nilikuwa namwambia rangi. Sasa nikiiona kwenye karatasi natetemeka kuliko gari.

Nilimpeleka gereji. Fundi alimpa tairi akalie. Klachi zilipotoka alizitaka mkononi. Akazipapasa kwa kidole gumba, akanusa. Hakuuliza kilichoziunguza. Harufu ile anaijua tangu ujana wake.

Nikamuuliza fundi swali lako, kwa sauti ili asikie. Fundi akasema, "Hiyo ya pili inangoja. Gia yake imeshapangwa, inangoja tu iitwe."

Baba akasema, "Na hii niliyoichoma ni ipi?"

Fundi akasema iliyoungua zaidi ni ile ya gia ya kwanza, lakini huwezi kuuziwa peke yake, zinakwenda zote. Baba akaniangalia. Akauliza pesa imetoka wapi. Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia ni nauli yako ya Desemba.

Aliomba gazeti, akakifunga kisahani kimoja kilichoungua, akaja nacho nyumbani. Kipo mezani karibu na kitanda chake. Nikajua basi, kesho atakaa tena ukingoni mwa kitanda, tumerudi pale pale. Sikulala vizuri.

Gari lilikaa gereji siku nne. Lilifundishwa, likaja. Asubuhi yake nilimsikia anajikohoza. Alikuwa ameamka kabla yangu, amevaa koti. Nikatoka nikiwa nimeshika ufunguo kwa nyuma. Alipita upande wa dereva bila kusimama, akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akakaa.

"Endesha," akasema. "Na ukifika pale juu, kanyaga breki."

Nilikanyaga. Akageuza shingo kuangalia nyuma, akaona ule wekundu kwenye ukuta wa duka la rangi. Akasema mguu wangu ni mzito kama wa mama mkwe. Ameniambia hivyo kila asubuhi tangu siku hiyo. Kisha ananielekeza nimshushe gereji, ambako anawasikilizisha mafundi sauti za giaboksi na kuwapotezea muda. Fundi amenilalamikia, lakini lile tairi amelifunika gunia ili akalie pazuri.

Gari linakwenda kama maji.

Anauliza utakuja lini. Safari hii sikwepi, nakuuliza kwa niaba yake.

Dada yako

*

Kambini, tarehe 20 Oktoba
Miaka miwili na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani

Dada,

Shikamoo, na shikamoo yangu kwa Baba.

Grisi nimemsomea barua yako yote. Pale penye kisahani kwenye gazeti aliomba nirudie. Anasema mwambie Baba asikiweke karibu na chakula, harufu ile haiishi. Anasema pia mafuta mapya yachunguliwe kabla ya mwaka, na kazi hiyo mpeni Baba na pua yake.

Mgongo unapata nafuu kwa bendera. Nimejifunza mengi nikiwa nimesimama. Mahali pangu ni penye mwinuko, magari nikiyazuia yanapanga foleni mlimani, nami natembea nyuma yao natazama taa za nani zinawaka na za nani haziwaki. Asiyewasha nampelekea hotuba. Madereva wananiita Mwalimu wa Breki, na wengine wananiita majina ambayo sitaandika.

Mkataba wa bendera unaisha mwisho wa Machi. Nimepiga hesabu, nauli itakuwepo, bila zawadi. Nitegemeeni wiki ya kwanza ya Aprili. Basi linaingia alfajiri, msije kunipokea stendi. Nitashuka pale juu mlimani, nikae kwenye ngazi za duka la rangi na mfuko wangu, ningoje mpande. Nikiona gari letu limeinua pua, limesimama na taa za nyuma zimewaka, nitakuja nifungue mlango wa nyuma niingie. Msimtoe Baba pale mbele kwa ajili yangu.

Mdogo wako